Mapafu Yangu, Akaambiwa Mke Wangu

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la kliniki ya kifua kikuu, umevaa barakoa na kuinamisha kichwa ili asikutambue mtu, basi nakuandikia wewe. Benchi hilo nimelikalia. Dozi nimemaliza, nimepona, na kilo zangu zimerudi pamoja na faida. Sikusomea udaktari, kwa hiyo sitakueleza vidudu vinaingiaje na kutokaje. Nitakueleza yaliyonipata, pamoja na wivu ulionisumbua kuliko homa. Habari za homa utaelezwa na kila mtu. Habari za wivu mimi sikuelezwa na yeyote.

Kwanza unijue. Niliondoka Newala na begi moja la nguo, nikarudi na malori mawili ya vitu. Baba yangu alikuwa mpiga kengele wa kanisa, na babu yangu vilevile, na hakuna kati yao aliyeacha hata baiskeli. Ada ya chuo nilijilipia mwenyewe kwa kupakia magunia ya korosho pale Masasi. Nina stashahada ya ufundi umeme. Nimefanya kazi kwenye migodi ya Kanda ya Ziwa zaidi ya miaka ishirini, na kuna taa kule chini ya ardhi ambazo wenzangu waliogopa hata kuzisogelea, nikazifunga mimi. Niliporudi nilijenga nyumba ya vyumba vitano yenye dari la jipsamu, na nyuma yake kisima cha kuvunia maji ya mvua, kikubwa kuliko cha Padre. Huku kwetu juu hakuna mto. Mtu ambaye kisima chake kinafika Novemba bila kukauka anaheshimika, na changu kinafika.

Mke wangu, Mama Upendo, ni Msukuma. Nilimwoa hukohuko kazini, na nilipoamua kurudi nyumbani alifunga mizigo akaja nami, akiacha ndugu zake wote na ziwa lake. Jambo hilo nililisimulia kwa fahari popote nilipokaa. Nilikuwa nikiwaambia wanaume wenzangu kwamba mwanamke hafuati mtu hivihivi kutoka Mwanza mpaka Newala, lazima ameona kitu.

Ana desturi moja. Kila alfajiri hujifunga kanga mbili, hutoka nyuma na kukaa juu ya mfuniko wa kisima, akanyamaza. Hapigi kelele, haimbi, hasomi. Anakaa tu mpaka jua liguse ukuta, kisha anaingia kuchemsha chai. Akina mama wa kanisani walikuwa wanalijua hilo na walikuwa wakija kumwuliza, kwa sauti ya chini, Bwana amesema nini kuhusu mtoto wa fulani au safari ya fulani. Mara nyingi aliwajibu kwamba hajaambiwa kitu. Lakini alipoambiwa, alichosema kilikuwa kitu cha kufuatwa.

Mimi nilikuwa nawaangalia kupitia dirishani. Saruji ya kisima kile niliinunua mimi. Nondo nilizikata mimi. Halafu Mungu anakuja kukaa juu yake na kuzungumza na mtu mwingine.

Sasa nieleze habari ya salfa, kwa wasiokaa huku. Kuanzia Juni watu hupulizia mikorosho unga wa salfa ili maua yasiungue. Mashine zinalia kila upande, unga wa njano unatanda kwenye majani, kwenye nguo zilizoanikwa, hata kwenye chai. Uwanda mzima unakohoa. Kanisani Padre husubiri watu wamalize kukohoa ndipo aendelee na mahubiri. Kwa hiyo nilipoanza kukohoa mwezi huo, hakushtuka mtu, na mimi ndiye niliyeshtuka kidogo kuliko wote. Kikohozi cha salfa kila mtu anacho.

Ikafika Septemba. Maua ya mikorosho yakashika matunda, mashine zikafungiwa stoo, wenzangu wakanyamaza. Mimi nikaendelea. Nilikuwa nikilowa jasho shuka nzima. Mkanda wa suruali niliutoboa tundu jipya kwa msumari, kisha jingine. Watu waliponiuliza niliwaambia kwamba shamba langu ni kubwa kuliko yao, kwa hiyo nimevuta salfa nyingi kuliko wao, na kwa hesabu hiyo lazima nichelewe kupona. Hoja hiyo niliiona ya kitaalamu.

Asubuhi moja Mama Upendo aliingia kutoka kisimani, akaweka chai mezani, akakaa.

“Baba Upendo, nenda ukapimwe.”

“Nipimwe nini? Salfa hii.”

“Nimeambiwa uende.”

“Umeambiwa na nani?”

Akaniangalia kama nimemwuliza jina la mwanetu. “Si unajua.”

“Haya. Mapafu haya ni ya nani?”

“Yako.”

“Yangu. Basi mbona asiniambie mimi? Namba yangu hana?”

“Anayo,” alisema huku akinimiminia chai. “Labda kila akipiga anakukuta unaongea.”

Niliamua kwenda ili nirudi na majibu ya kumnyamazisha. Sikwenda hospitali ya hapa. Newala watu wananijua, na sikuwa tayari waone Fundi amepanga foleni ya makohozi. Nilishuka mlima kwa basi hadi Masasi, huko ninakoweza kuwa mtu yeyote. Nikaingia hospitalini nimenyoosha shati, nikapewa kikopo chenye mfuniko, nikaonyeshwa pa kwenda kukoholea, nje, kwenye hewa. Nilisimama pale nikiyatazama majabali ya Masasi na kikopo mkononi. Pamoja na taa zote nilizofunga chini ya ardhi, sikuwahi kujiona mdogo kiasi kile.

Sista aliyenipa majibu alisema “kifua kikuu” kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya nyanya. Alieleza dozi, miezi sita, asubuhi kabla ya kula, bila kuruka siku. Nadhani alitegemea nitalia au nitabisha. Mimi, nikwambie ukweli, jambo la kwanza lililonijia halikuwa kifo. Lilikuwa hili: kumbe aliambiwa kweli. Mapafu yangu yalizungumzwa nyuma ya nyumba yangu, juu ya kisima changu, na mimi niliachwa ndani nimelala.

Safari iliyofuata nilikwenda naye. Akapimwa, akakutwa hana kitu. Sista akasema, “Baba, huyu ndiye atakusimamia kumeza dawa. Na akianza kukohoa, hata miezi ikiwa imepita, umlete. Umenisikia?” Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nikimwangalia mke wangu namna alivyokaa pale ametulia, nikijiuliza kama hilo nalo ameshaambiwa.

Miezi miwili ya mwanzo nililala peke yangu kwenye chumba cha wageni. Chumba hicho nilikijenga kwa ajili ya wakubwa kutoka Mtwara, kina vigae na feni ya kuning’inia, na mgeni wake wa kwanza kukaa muda mrefu nikawa mimi. Mkojo ukawa rangi ya soda ya machungwa. Miguu ikawaka moto usiku na viungo vikauma kama nimebeba tena yale magunia ya Masasi. Mikono yangu, ambayo kwa kukaza koleo tu ilikuwa ikitambulika, ikalegea ngozi kama soksi kuukuu. Sikuwa na pumzi ya kuongea zaidi ya maneno machache bila kikohozi kunikata. Kwa mtu kama mimi, hiyo ilikuwa adhabu ndani ya adhabu.

Dada yangu mkubwa alikuja kuniona. Alisimama mlangoni, akanitengea kikombe changu cha peke yangu, akasema mbele ya mke wangu, “Wamekuonea wivu, mdogo wangu. Nyumba hii. Dari hili. Nilikwambia usiweke dari. Kuna mganga ng’ambo ya Ruvuma, anamtaja mhusika kwa jina.”

“Wifi,” alisema Mama Upendo, “huyo mtu ng’ambo anapokea mgonjwa pamoja na vidonge vyake, au vidonge tuviache kivukoni?”

“Wewe unatania, mume anakufia.”

“Sitanii. Nauliza ili nijue nimfungie vingapi.”

Dada akasonya akaenda zake, na kwa muda mrefu hakurudi. Nilibaki nikiyatafakari maneno yake. Kila aliyepita dirishani alisema hivyohivyo, kwamba naumwa kwa wivu wa watu. Mimi nilikuwa najua mwenye wivu alilala wapi. Alilala kwenye chumba cha wageni, chini ya feni.

Maana dirisha la chumba kile linatazama kisima. Kila alfajiri nilimwona akitoka, akaketi, akafunika mabega, na uso wake ukawa mlaini kama zamani tulipokuwa tukichumbiana. Uso huo nilidhani umeshazeeka. Kumbe ulikuwepo, ila haukuwa ukiletwa kwangu. Sikujua nimwonee wivu nani, yeye kwa kuzungumzishwa na Mungu, au Mungu kwa kuangaliwa hivyo na mke wangu. Niliwaonea wote wawili.

Nikajaribu na mimi. Niliomba kwa nguvu zote zilizobaki. Nilimkumbusha Mungu mabati niliyotoa kwenye jengo la kanisa, nyaya za madhabahuni nilizofunga bure, watoto wa ndugu niliowasomesha. Nikamweleza kwamba mtu wa namna hii anastahili angalau neno moja. Mama Upendo alikuwa anapita na ndoo, akasimama mlangoni.

“Unasali, au unaomba kazi?”

“Naongea na Mungu wangu. Wewe nenda kwa wako.”

“Ukimaliza kuongea,” alisema, “usiondoke kwanza.”

Sikumwelewa. Nilikuwa nikimaliza kuongea nalala.

Wakati huo mahali pekee nilipokuwa na amani palikuwa benchi la Masasi, siku za kuchukua dawa. Hapo nilizoeana na Mwalimu Hilari, mwalimu wa kanisa kutoka Nanganga, mzee mrefu aliyeanza dozi wiki moja na mimi. Amani yenyewe haikuwa kamili, kwa sababu mzee yule alikuwa akiongezeka uzito kwa kasi ya kuudhi.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Fundi. Leo mzani umesemaje?”

“Kilo moja.”

“Pole. Mimi tatu.”

“Unakula nini?”

“Ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Wewe si una friji? Labda chakula kinaogopa baridi.”

Nilirudi Newala siku hiyo nikakataa wali, nikadai ugali wa muhogo asubuhi na jioni. Mwezi uliofuata nilimpita. Kwa hiyo wivu nao una kazi yake, na kama wewe mgonjwa huna hamu ya kula, tafuta wa kushindana naye.

Jioni moja ya Oktoba, joto kali, Mama Upendo alikuwa amekaa nje ya mlango wangu akibangua korosho za kukaanga. Nilikuwa nimepata pumzi kidogo na nilitaka kusifiwa. Nikamwuliza, kwa kuchombeza, “Hivi siku ile niliposema turudi kwetu, ulivutiwa na nini mpaka ukakubali?”

Alibangua korosho nyingine. “Sikutaka kuja.”

“Ulifunga mizigo bila kubisha.”

“Sikutaka. Nilikwenda kanisani nikakaa wiki nzima nikimwomba Mungu aniruhusu nibaki. Nilikuwa na hoja nzuri. Mama mgonjwa, Upendo yuko shule, duka la vitambaa limeanza kuchangamka. Nilipomaliza hoja zote nikanyamaza, na kilichobaki kilikuwa kimoja: nenda naye.”

“Kwa hiyo hukunifuata mimi.”

“Nimekufuata wewe. Ila niliambiwa.”

“Sio kitu kimoja.”

“Hapana,” alisema, akipuliza maganda kwenye ungo. “Sio kitu kimoja.”

Sijui kama umewahi kusikia kitu kinakudondoka ndani bila kutoa sauti. Miaka yote nilijisifu kwa kitu kilichofanywa na mwingine. Usiku ule nilimchukia Mungu kama mtu anavyomchukia mwanamume aliyefika nyumbani kwake kabla yake. Naliandika hili kwa sababu wagonjwa wengi huona aibu kusema kwamba walimchukia Mungu. Mimi nilimchukia, na kesho yake asubuhi nikameza vidonge vyangu mbele ya mke niliyepewa na Yeye.

Novemba ikaingia. Makohozi yangu yakapimwa tena, yakatoka safi. Sista akanipongeza, akanibadilishia vidonge, akasema bado miezi minne na asiwepo wa kunidanganya kwamba nimepona. Nikarudi Newala najisikia simba. Korosho zilikuwa zinaokotwa, magunia yanapita mtaani, watu wana furaha, na mimi natembea bila fimbo. Nilirudi kulala kwenye chumba chetu. Na siku hizohizo, nikiwa nimekaa barazani, nikaisikia sauti.

Ilikuwa wazi kabisa, ndani ya kifua changu hikihiki. Ilisema: Fundi, umepona. Acha dawa, simama uwaoneshe watu.

Nilifurahi. Hatimaye. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa ya shukrani, watu wanaleta mavuno na kutoa shuhuda. Nikamtumia Padre ujumbe kwamba nina neno, aniweke kwenye ratiba. Nikapiga pasi suti. Kisha nikamwambia Mama Upendo, na nilimwambia polepole, ili nimwone uso.

“Ilisemaje?” aliuliza.

Nikamrudia maneno.

“Ilikuita Fundi?”

“Ndiyo.”

“Ikakwambia uwaoneshe watu.”

“Ndiyo. Kuna ubaya?”

Alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja. “Mimi hajawahi kunisifu,” alisema. “Wala hajawahi kuniambia kitu nilichokuwa nimekwisha kukitaka.”

“Una wivu.”

“Labda.”

“Umezoea kuwa peke yako. Sasa ameanza kuzungumza na mwenye nyumba.”

Alikohoa kidogo, akageuka, akaenda kuweka nguo kabatini. Vidonge vya kesho yake alivitenga kwenye kisahani, kama kawaida, akaviweka karibu na maji.

Nilijiwekea kwamba nitavimeza mpaka Jumapili, kwa heshima yake, na Jumatatu naacha. Lakini neno lake lilinikera. Nikataka kujua yeye huambiwa kwa sauti gani, ili nilinganishe. Kama yake ni nene zaidi, au inataja maandiko, au inamwita kwa jina. Hivyo alfajiri ya Jumapili ile ya shukrani, alipotoka, niliamka nikamfuata bila viatu, nikaenda chumba cha wageni, nikafungua dirisha kidogo na kutega sikio. Mwanamume mzima, mwenye stashahada, namdukua mke wangu akisali.

Sikusikia kitu. Jogoo. Mlango wa jirani. Kisha tena kimya. Nikasema nitangoja mpaka aanze. Miguu ikapata baridi kwenye vigae. Nilikuwa nimeshasema moyoni yote ya kusema, hotuba ya kanisani nimeipitia, maneno ya kumjibu nimeyamaliza, na hakuna kilichotokea. Nikabaki tu pale, nimesimama, sina cha kuongeza. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kungoja bila kusema kitu hata kichwani.

Akakohoa.

Mvua ilikuwa haijanyesha, kisima kilikuwa karibu kitupu, na kikohozi kile kiligonga chini kikarudi juu. Alijiziba na kanga. Akakohoa tena ndani ya kanga, kwa taratibu, kama mtu aliyezoea kukohoa bila kuamsha wengine. Nikakumbuka alikohoa akikunja nguo. Nikakumbuka alikohoa wakati wa korosho, nikadhani ni moshi. Nikakumbuka wiki nyingi za kikohozi kidogo kilichopita karibu yangu nami nikiwa nategea kitu kikubwa. Hakuna salfa Novemba.

Sauti haikuja. Hakuna aliyeniita Fundi. Ila nilijua, kama unavyojua una njaa, kwamba natakiwa nimpeleke, na kwamba sitaki, kwa sababu nikimpeleka nitakuwa nimepanga tena foleni ile, safari hii hapahapa Newala, maana kesho mapema hatufiki Masasi, na kila mtu ataona nyumba yenye dari la jipsamu ina wagonjwa wawili.

Kanisani Padre aliniita mbele. Nikasimama kwenye suti yangu iliyonipwaya. Watu wakatulia, wananijua, walijiandaa kukaa sana.

Nikasema, “Nilikuwa nimepanga kuwaambia nimepona. Sijamaliza dawa, na sitaacha. Mke wangu anakohoa. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali yetu hapa. Kuna mwingine anayekohoa tangu salfa na bado anakohoa, aje tuongozane.”

Nikarudi kukaa. Mama Upendo alikuwa ananitazama kwa macho ambayo sikuyajua.

Jumatatu tulikuta watu watatu wakitungoja getini kwangu, mmoja wao ni dada yangu mkubwa, amejifunga mtandio mpaka puani. “Usiniulize,” alisema. Sikumwuliza. Tuliketi kwenye benchi la Newala mchana kweupe, na wapita njia wote wakanisalimia kwa jina.

Dada alikutwa mzima. Mmoja wa wale wengine alikuwa na kifua kikuu. Na Mama Upendo alikuwa nacho, kingali kichanga. Daktari alisema tumewahi. Neno hilo, tumewahi, nilimwomba alirudie.

Jioni ile tulikaa naye juu ya mfuniko wa kisima. Nikamwuliza jambo ambalo nilikuwa nalichelea. “Ile siku uliposema umeambiwa niende kupimwa. Uliambiwaje hasa?”

“Nilikuwa naombea mama yangu,” alisema. “Kila nikianza, unakohoa huko ndani. Nikaanza tena, ukakohoa. Nikakasirika. Nikamwambia Mungu, huyu mtu hata kusali haniachi. Halafu nikanyamaza. Nikaona kwamba nimeomba nijibiwe, na muda wote kuna kitu kinanijibu.”

“Basi tu?”

“Basi tu. Ulidhani ni radi?”

“Nilidhani mnazungumza.”

Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikamshika mgongo. “Mimi sisikii sauti, Baba Upendo. Nangoja yale ninayotaka kusikia yaniishe. Yakiisha, kikibaki kitu, hicho nakifuata. Siku nyingi hakibaki kitu. Nachemsha chai.”

Mvua zilizofuata nilikuwa mimi mwenye kisahani cha vidonge. Vyangu upande huu, vyake upande ule, na tunatazamana tukimeza. Nilijifunza kusonga ugali usio na madonge. Ndoo za maji nilizibeba mimi, na majirani walipokuwa wakinitania, “Fundi, umeolewa?” nilikuwa nikiwajibu kwamba ndiyo, na Msukuma. Machi nilimeza vidonge vyangu vya mwisho. Mwalimu Hilari alikuwa amemaliza siku chache kabla yangu, na akasafiri kutoka Nanganga kuja kunipongeza, na pia, naamini, kuniangalia kilo. Mama Upendo alimaliza mwishoni mwa Mei, mwanetu Upendo akapiga simu kutoka Dodoma akalia, na sisi tukachinja kuku.

Sasa nikwambie wewe wa kwenye benchi. Meza zote. Sauti ikikujia na kukuambia uache, hata ikikuita kwa cheo chako, mweleze anayekusimamia kabla ya kuitii. Na aliye karibu nawe msikilize kifua. Ukimaliza kusali, usiondoke kwanza.

Leo ni Septemba tena. Maua ya mikorosho yameshika matunda, mashine ziko stoo, salfa imekwisha kupeperuka kutoka kwenye majani. Siku hizi na mimi hukaa kisimani alfajiri, upande wangu, nikimpa nafasi upande wake. Sitaki kukudanganya, wivu haujaisha. Akifumba macho anakwenda mahali, uso unalainika, na sijawahi kukaribishwa huko. Mimi nakaa tu, nayaacha maneno yangu yaniishe, na huwa ni mengi.

Asubuhi hii yaliisha mapema. Ng’ambo ya ukuta, jirani yetu alikohoa. Aliacha kupulizia salfa wiki kadhaa zilizopita. Akakohoa tena, kavu, kwa taratibu, kama mtu asiyetaka kuwaamsha watoto. Nikamtazama Mama Upendo. Alikuwa bado amefumba macho, hajasikia.

Nikaenda kuvaa viatu.